Siku Bibie Alipovimba Mashavu

Salima wangu,

Uko kwa Mama Anzuruni unasukwa nywele, na ninavyozijua hadithi za mle ndani, hutarudi kabla ya magharibi. Nimechukua daftari lako moja, lile lenye kurasa tupu nyuma, nimekaa nalo barazani. Treni inaondoka kesho. Au keshokutwa, ikipenda; wewe na mimi tunaijua treni yetu. Hata ikichelewa juma zima, nataka barua hii iwe imekwisha, maana mambo haya nimeshindwa kuyasema kwa mdomo tangu ulipozaliwa.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ufunge sanduku kwa kamba. Mama yako mkubwa ameshayasema mara nane, na mara ya tisa atakuja nayo kesho stesheni. Akili unayo. Tangu mama yako atutoke, wewe ndiye uliyenilea mimi, na majirani wote wanalijua hilo, tena wananicheka.

Mimi nina jambo moja tu. Treni itasimama Kibombo, na ikisimama pale huwa haina haraka. Watu watapakia na kupakua, na kati ya wabeba mizigo utamwona mtu mwenye uso wangu. Sisemi anayefanana nami kidogo. Ni uso huu huu, paji hili hili, masikio haya haya ambayo wewe unayacheka. Usishtuke. Ni baba yako mdogo Shabani. Hakufa vitani. Nimelijua hilo kwa miaka mingi, na kila mwaka nimekuketisha mkekani tukamsomea hitima, yeye na bibi yako, kana kwamba wote wawili wako kaburini.

Maneno hayo nimeyaandika mara tatu, mara mbili nikachana karatasi. Sitaki habari hii ikukute pale, umesimama peke yako kati ya magunia ya mchele. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa umejua yote.

Unajua kwamba zamani nilikuwa mtunza farasi. Unalijua kama kichekesho, kwa sababu hapa Kindu nani aliwahi kuona farasi? Mbung'o hawawaachi. Lakini kabla ya vita tajiri mmoja wa kahawa alileta wawili kwa treni kutoka Katanga. Dume hakumaliza mwaka. Akabaki jike, mwekundu, mwenye doa jeupe juu ya pua. Tajiri alimpa jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyeweza kulishika. Sisi tukamwita Bibie, kwa vile hakukubali kunywa maji yaliyolala.

Vita viliposogea, tajiri alipanda ndege, akatuachia mimi na Shabani yule farasi, mkokoteni, na zizi nyuma ya depo yake. Siku ya kuondoka alituita. Nayakumbuka maneno yake yote, maana niliyafanya kuwa dini.

"Asikule majani ya chini," alisema. "Mukate majani, muanike siku moja, mumupe mu sanduku yake. Na siku mutaona matezi imevimba hapa, chini ya masikio, mujue njo kifo. Ile ugonjwa inaua zizi muzima."

Basi mji ukazungukwa. Treni zikasimama, mafuta yakaisha, na aliyetoka kwenda shamba hakuwa na hakika ya kurudi. Bibie akawa ndiye lori la mji. Alivuta maji kutoka Lualaba, akavuta kuni, magunia, wagonjwa na maiti. Watu walitupa walichokuwa nacho: kikombe cha mchele, sombe ya majani ya muhogo, chumvi kidogo kwenye karatasi. Kwa vitu hivyo tuliishi watu watatu, mimi, Shabani na mama yetu. Farasi akifa, na sisi tungefuata. Nilikuwa nikiamka nikiwaza hivyo, nikilala nikiwaza hivyo.

Mimi nilikuwa mtu wa amri. Shabani alikuwa mtu wa kutazama. Angeweza kukaa mbele ya Bibie muda mrefu bila kufanya kazi yoyote, anamwangalia tu anavyotafuna, anavyopumua. Nilikuwa nikimgombeza kwa uvivu. Akicheka, akisema, "Yaya, huyu anasema mambo mingi, weye njo hausikie." Nilikuwa mkubwa wake, yaya wake, kwa miaka minne tu, lakini baba yetu alikufa mapema, na nilijivika ubaba ambao hakuna aliyeniomba niuvae.

Mvua za kwanza zikanyesha. Mimi nikalala na malaria. Shabani akamfungua Bibie asubuhi, akampeleka stesheni. Katikati ya reli, chini ya mabehewa yaliyosimama miezi na miezi, majani yalikuwa yameota mabichi, laini, yamejaa maji. Farasi aliyekuwa akila majani makavu ndani ya sanduku aliinamisha kichwa, na Shabani akamwacha. Akala kuanzia asubuhi hadi alasiri, hakuinua shingo.

Waliporudi, nilikuwa nimekaa mlangoni na blanketi mabegani. Nikaona kichwa cha Bibie, nikasahau homa. Chini ya masikio, nyuma ya taya, pande zote mbili, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kiazi kitamu. Mashavu yamejaa, mahali pa koo hapaonekani. Ulikuwa uso wa mtoto mwenye matubwitubwi.

"Ulimupeleka wapi huyu nyama?"

"Kule ku gare, yaya. Majani iko mingi. Alikula muzuri sana."

"Ona sura yake! Umetuletea kifo mu nyumba!"

"Nilisha kuona. Lakini mugusie. Haina moto, na haimuume. Na angali anatafuta chakula. Mugonjwa hawezi kutafuta chakula vile."

"Patron alisema nini?"

"Patron iko wapi?" akasema. Kisha akashusha sauti. "Yaya, tungoje tu mpaka kesho asubui."

Salima, hicho tu ndicho alichoniomba. Mpaka asubuhi. Na mimi, kwa hofu, kwa njaa, kwa ile homa ambayo sitaki initetee, nikamwambia: "Toka. Usirudie hapa mpaka nyama apone. Na akikufa, usirudie hata siku moja."

Akaniangalia aone kama ninasema kweli. Mama alikuwa kwa jirani akisaidia kutwanga muhogo. Shabani akauliza, "Nimuage mama kwanza?"

Nikasema, "Toka."

Akamshika Bibie shingoni, akamwachia. Akachukua koti lake na mfuko mmoja, akaenda. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenitukana.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, maana hapa ndipo ulipokomaa. Unajua tunavyowafanya watoto wakivimba mashavu: masizi ya chungu, mawese, mtoto anapakwa hadi chini ya kidevu na kuambiwa asiangalie nyuma. Mimi nilipakwa, na Shabani alipakwa. Jioni ile nilikwangua masizi ya vyungu vyote vya mama, nikachanganya na mawese, nikampaka farasi. Mama aliporudi akamkuta Bibie ana mashavu meusi, akacheka mpaka akakaa chini. Katika vita vile vyote, sikumbuki mara nyingine alipocheka hivyo.

Kisha akauliza, "Shabani iko wapi?"

"Alienda kutafuta chakula, mama. Na vijana wenzake."

"Bila kuniaga?"

"Bila kukuaga."

Asubuhi uvimbe ulikuwa umekwisha. Ulikwisha wote, shingo imerudi nyembamba, taya linaonekana. Ungedhani ningekimbia siku ile ile kumtafuta ndugu yangu. Sikukimbia. Nilijisifu. Niliamini masizi yangu ndiyo yaliyoponya ugonjwa ulioletwa na Shabani, kwa hiyo Shabani bado ana hatia na mimi bado nina haki. Majirani walikuja kumtazama Bibie. Walinisifu, wengine wakaomba masizi kwa watoto wao. Nikawagawia nimevimba kichwa. Nikasema moyoni, akae huko siku mbili tatu apate adabu, atarudi mwenyewe njaa ikimshika.

Siku ya tatu nilipona malaria. Nilikuwa nikitengeneza gurudumu la mkokoteni, Bibie amefungwa kando ya mtaro. Kamba ikalegea. Nilipoinua macho alikuwa ameshakula majani mabichi tangu saa sita, kichwa chini. Nikamtazama, na uvimbe ulikuwa pale pale, pande zote mbili, vile vile. Safari hii masizi hayakuwapo, vyungu vyote nilikuwa nimevikwangua. Nikamrudisha zizini, nikamwekea majani yake makavu, nikakaa na hofu. Asubuhi uvimbe haukuwapo. Hakuna dawa, hakuna mkono wangu, hakuna chochote. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia kwa sauti, na Bibie akaendelea kula.

Ndipo nilipokimbia. Nikafika hadi kizuizi cha mwisho cha askari kwenye reli. Nikawaeleza: kijana mrefu, koti la kahawia, uso kama wangu. Mmoja alikumbuka. Alisema kundi la vijana lilipita wakifuata reli kwenda kusini, kisha kukasikika milio ya bunduki huko mbele.

"Hakuna mwenye alirudia, muzee," akaniambia.

Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini, na siku ile ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita mzee.

Miezi ikapita, habari hakuna. Wakubwa wa msikiti wakasema mama asiachwe akingoja mlangoni, afadhali hitima isomwe. Ikasomwa. Watu wakanishika mkono, wakanipa pole, wakasema nilikuwa baba kwa yule kijana. Nikaitika. Mama hakulia mbele za watu. Lakini tangu siku ile alikuwa na swali moja, alilirudia akichambua mchele, akifua, akinawa: "Mutoto yangu alienda bila kuniaga, nilimukosea nini?" Ningeweza kulijibu kwa maneno matano. Nilimwambia, "Vijana ndivyo walivyo, mama."

Vita vilipolegea wakaja askari wa nje kulinda amani. Mmoja wao kwao ni nchi ya farasi, na alipomwona Bibie mtaani aliruka kutoka kwenye gari kama aliyekutana na ndugu yake. Kiswahili chake kilikuwa vipande. Siku moja alimkuta amevimba. Nikamwonyesha, nikajifanya sijui kitu. Akacheka, akamgusa taratibu nyuma ya taya. "Majani," akasema. Akainamisha kichwa chake mwenyewe. "Kichwa chini, siku muzima. Hapa iko mate." Akainua kichwa. "Kesho, hakuna."

Wewe utakuja kuyasoma haya kwa ufundi zaidi. Kwa ninavyofahamu mimi, pale nyuma ya taya kuna tezi la mate. Farasi akishinda ameinamia majani mabichi, linajaa. Akipumzika zizini, linapungua lenyewe. Ule ugonjwa mbaya aliousema tajiri upo, lakini huo una moto, una maumivu, una usaha puani, na mnyama hali. Shabani alikuwa ameyaona yote hayo kwa macho matupu. Alinitajia moja moja mlangoni, nami nikamjibu kwa maneno ya mtu aliyepanda ndege.

Baada ya hapo nikaanza mazoea ya ajabu. Kila siku nilimpeleka Bibie kwenye yale majani ya stesheni, nikakaa kwenye reli nikamngoja avimbe. Watu walidhani namwonea huruma farasi. Mimi nilikuwa nataka tu kuona. Alivimba, nikamrudisha, akapona, kesho tena. Akafa mwaka uliofuata kwa mbung'o, na sikupata tena mahali pa kwenda kukaa.

Kosa la kwanza, mwanangu, nimekwisha kulisema. Ninalilia, lakini ninaweza kuishi nalo, maana lilikuwa la hofu, na hofu ile tuliigawana watu wa mji mzima. Hili la pili ni langu peke yangu.

Treni ya kwanza baada ya vita ilipoingia Kindu, mji wote ulikwenda kuipokea. Mfanyakazi mmoja wa treni aliniona, akanifuata. Akaniambia, "Ndugu yako iko Kibombo, anabeba mizigo ku gare. Alioa kule njia ya Tunda. Nilimuambia nitakusalimia, hakujibu kitu."

Mama alikuwa hai, Salima. Alikuwa nyumbani anapika, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Nilitembea kurudi nikiwa na furaha ya kunipasua kifua. Lakini kila nyumba niliyoipita, furaha ikapungua. Nikimwambia, atataka aletwe. Akiletwa, atamwuliza kwa nini hukuniaga. Naye atasema kweli. Nilipofika mlangoni nikasema nitamwambia Ijumaa. Ijumaa nikasema mwezi ukiandama. Nilijiambia kwamba ninamlinda mama asipate mshtuko, na nilijiambia kwa sauti nzuri sana. Mvua za mwaka ule hazijaisha akaugua tumbo siku nne, akafa. Alinishika mkono, akasema anakwenda kumwona Shabani. Nikamwacha aende akiamini hivyo.

Hilo sikumwambia mtu yeyote, hata mama yako.

Mara moja, ulipokuwa darasa la tatu, nilikuaga nikasema nakwenda Kalima kutafuta mchele. Nilipanda treni hadi Kibombo. Nikamwona. Alikuwa na gunia begani, amenenepa kidogo, ana mvi upande mmoja kama mimi, anataniana na wenzake. Anacheka kicheko cha mama. Treni ilikaa pale muda mrefu kuliko siku zote, kana kwamba inanipa nafasi kwa makusudi. Sikushuka. Nilikwenda mbele hadi kituo kingine nikarudi na treni iliyofuata, nikakuletea biskuti, ukaniuliza mchele uko wapi.

Na wewe ulimpenda. Hilo ndilo linaloniuma ninapokutazama. Ulimpenda mtu usiyemjua kwa sababu nilikupa vipande vyake vizuri tu: jinsi alivyomtazama farasi, jinsi alivyojua mnyama ana nini kabla hajamgusa. Ulianza kupapasa mbuzi wa jirani chini ya taya ukiwa na miaka sita. Watu husema umerithi kazi kwa baba. Kwangu hukurithi kitu. Unakwenda Lubumbashi kusomea udaktari wa wanyama kwa mkono wa Shabani, ambaye hajui kama upo duniani.

Nilifikiri nikuandikie mashauri, lakini mashauri yanatoka vizuri kwa mtu ambaye hakuharibu. Nitasema tu kwamba huko watakufundisha magonjwa mengi na majina yake marefu, na siku moja mwalimu atapita haraka juu ya matezi ya farasi anayekula majani, kwa sababu siyo ugonjwa. Wenzako watafunga madaftari. Wewe ndiye utakayejua kuna mtu alifukuzwa nyumbani kwa ajili yake. Na kama utakosea, maana utakosea, usifanye kama nilivyofanya mimi, kungoja Ijumaa. Ijumaa zilikuja nyingi, na kila moja ilikuwa ngumu kuliko ile iliyotangulia.

Juma hili lote nimekuwa nikiisikiliza nyumba. Umeshafungasha vitu vyako chumbani, na sauti imebadilika humo, nikikohoa inanirudia. Jana nilipika bugali ya watu wawili, nikajicheka, nikafikiri keshokutwa nitapima unga vipi. Ninaogopa, Salima. Sioni aibu kukuambia. Mwanaume aliyeishi na siri ananyamaza na kila mtu, na wewe ndiye pekee niliyekuwa ninasahau mbele yako kwamba ninanyamaza. Ukishasoma hapa, labda hata hilo halitakuwapo tena.

Nilikusudia kwanza nikupe wewe ujumbe umpelekee. Niliuandika, ulikuwa mzuri. Kisha nikaona ninataka kumtuma mtoto akabebe tena kile ambacho mimi nilishindwa kukibeba. Kwamba mama alikufa, huenda Shabani amesikia; watu wa reli wanasema mengi. Lakini kwamba alikufa akiamini mwanawe aliondoka bila kumuaga, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia hivyo, hilo hakuna anayelijua ila mimi, na sasa wewe. Siwezi kukutuma ukamwambie hilo.

Kwa hiyo usishangae kesho ukiniona nimevaa kanzu safi na nina mfuko wangu. Nimekata tikiti mbili. Yako ni ya safari yote. Yangu inaishia Kibombo.

Barua hii nitaiweka ndani ya kitabu chako cha juu, uisome leo usiku, kabla hatujaonana asubuhi, ili kesho uchague mwenyewe kama utakaa karibu nami au utakaa behewa jingine. Nitakubali lolote. Tukifika, nitashuka peke yangu. Nikishakaribia pale wanapopakua mizigo, nitamwita kwa jina, na nitasema lile la mama kwanza, kabla hajapata muda wa kunifukuza.

Nakuomba kitu kimoja tu. Treni ikianza kuondoka, usichungulie dirishani kuona kama amenipokea.

Baba yako,
Ramazani